Mfumo wa Pamba wa Bundala

Mume wangu, Bundala, aliandikia chama cha wakulima wa pamba mfumo wa kwenye mtandao. Kupokea uzito na kutuma meseji kwa wakulima alikuwa amevichanganya kwenye ukurasa mmoja wa programu. Aliporekebisha meseji, uzito ukakataa kuingia, na ununuzi wa pamba ulikuwa ufunguliwe Jumatatu.

Dada yangu Evalina alimcheka. “Shemeji, hata sisi wakulima, pamba safi na fifi, ile chafu, hatutii gunia moja!”

Bundala alirudi kwenye kompyuta. Alihamishia kila kazi kwenye faili lake peke yake, ili moja ikiharibika nyingine isiguswe, ukurasa ukabaki wa kuziita kazi hizo tu. Nilikuwa nambembeleza mtoto, nikimtazama mume wangu.

Jumatatu meseji ziligoma tena, ila uzito uliingia vizuri, foleni ikasogea. Evalina alipimiwa mzigo wake, akamwangalia shemeji yake, akaondoka bila kumcheka tena.