Kaseti Tisa za Mwalimu Loisi

Mwezi wa saba mwaka 1994, daktari wa Hospitali ya Mvumi alimwambia Mwalimu Loisi Ndahani kwamba uvimbe uliokuwa shingoni mwake lazima utolewe, na kwamba baada ya upasuaji asiseme hata neno moja kwa wiki sita.

"Hata kwa kunong'ona?" Loisi aliuliza.

"Kunong'ona ndiko kubaya zaidi, mwalimu."

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Haneti. Darasa lake la saba lilikuwa na wanafunzi hamsini na watatu, na wengi wao nyumbani waliongea Kigogo tu. Kiswahili walikipata shuleni, na sehemu kubwa ya Kiswahili hicho ilitoka kinywani mwake. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa mwezi wa tisa. Walimu walikuwa watano kwa madarasa saba, hakuna aliyebaki na nafasi ya kumshikia vipindi.

Daktari alimpa siku kumi za kujiandaa. Basi la kutoka Mvumi lilipofika Dodoma mjini, Loisi alikuwa ameshajua la kufanya.

Miaka michache nyuma, redio kaseti ilikuwa kitu cha mtu aliyerudi kutoka safari ya nje. Sasa maduka ya mjini yalizipanga mpaka barazani. Loisi aliingia kwa Abdulnasiri, ambaye aliuza redio katika chumba kile kile ambamo baba yake aliuza vitenge na kaniki.

"Nataka inayorekodi," alimwambia.

"Karibu zote zinarekodi, mwalimu. Unarekodi nini, kwaya?"

"Kiswahili cha darasa la saba."

Abdulnasiri hakucheka. Alishusha moja yenye spika mbili, akaitia betri, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kumwashiria aseme chochote. Loisi akasema, "Taja wingi wa maneno yafuatayo." Walipoirudisha kaseti na kuisikiliza, sauti ilikoroma.

"Umeisogelea mno. Rudi nyuma hatua moja, uongee kama na mtu wa upande wa pili wa meza."

Mara ya pili ilitoka safi. Aliinunua kwa fedha za alizeti yake ya msimu ule, pamoja na kaseti tupu tisa, na Abdulnasiri akamwongezea betri nne bila kuombwa.

Mwalimu mkuu, Bartolomayo, aliitazama ile redio juu ya meza yake.

"Mwalimu Loisi, mashine haimwoni anayesinzia."

"Ndiyo maana utakuwepo wewe. Utabonyeza, utasimamisha, utaamsha."

"Nina darasa la sita saa hiyo hiyo."

"Wachanganye. La sita nao watasikiliza, hawatapungukiwa kitu."

"Na wakiwa na maswali?"

"Waandike," Loisi alisema. "Nitayajibu nikirudi."

Alirekodi kwa siku sita, ndani ya stoo ya shule, kati ya magunia ya mtama na majembe, akiwa ametundika mablanketi mawili mlangoni. Kaseti ya kwanza ilimshinda: jogoo aliwika katikati ya methali na vitendawili, kisha likapita tela la ng'ombe likilalamika magurudumu. Akaifuta, akaanza upya. Ya pili ilikuwa ya ngeli, ya tatu ya ufahamu, ya nne imla. Kila alipomaliza, aliandika juu ya kaseti kwa kalamu nyekundu: namba, somo, na tarehe ya kusikilizwa. Shingo ilimuuma, lakini hakuruhusu maumivu yasikike. Siku ya saba akapanda basi kurudi Mvumi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Akalala wodini na daftari kifuani, akiomba maji kwa kuandika na kusalimia kwa mkono.

Wiki ya pili ilipofika, muuguzi aliyeitwa Edina alimletea bahasha. Ilikuwa imesafiri kwa lori kutoka Haneti hadi dukani kwa Abdulnasiri, na kutoka hapo kwa gari la hospitali. Ndani mlikuwa na kaseti ya tisa, ambayo Loisi aliijaza upande mmoja tu. Juu ya upande wa pili, kwa mwandiko wa Bartolomayo, paliandikwa: *Maswali yamekuwa mengi, karatasi hazitoshi.*

Edina akaazima redio ya matroni, akaiweka juu ya kikabati cha kitanda na kuitia ile kaseti.

"Shikamoo, mwalimu!" darasa zima likapaza sauti.

Loisi akafungua mdomo kuitikia marahaba. Edina akamwekea kidole midomoni kabla sauti haijatoka, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka.

Maswali yakafuatana. Mmoja hakuelewa tofauti ya kiima na kiarifu. Mwingine alilalamika kwamba imla ilikuwa ya mbio mno. Kisha ikaja sauti ya msichana, ndogo, isiyo na haraka.

"Mwalimu, mimi ni Priska Malogo. Katika kaseti ya pili umesema ukuta, ufunguo, ubao na ugonjwa yote ni ngeli ya U-ZI. Tumerudisha mara nne tuhakikishe. Kuta hizi, sawa. Funguo hizi, sawa. Mbao hizi, sawa. Lakini hatusemi gonjwa hizi, tunasema magonjwa haya. Kwa hiyo ugonjwa uondoke hapo. Ni hayo tu, mwalimu."

Loisi alimwomba Edina kwa ishara airudishe. Akaisikiliza tena. Kosa lilikuwa lake, wazi kabisa. Lakini kilichomshika zaidi ni sauti yenyewe. Priska alikuwa amekaa darasani kwake miaka miwili, na Loisi hakukumbuka kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo, mwalimu."

Akafungua daftari. *Priska yuko sahihi, mimi nimekosea,* aliandika. *Ugonjwa ni U-YA. Mwalimu Mkuu, mwite Priska asimame mbele awaeleze wenzake. Na kila ninapouliza swali kwenye kaseti, isimamishe. Hesabu polepole hadi kumi ndipo uendelee. Nilisahau kuwaachia muda wa kufikiri.* Barua na kaseti zikaenda kwa njia ile ile.

Alirudi shuleni wiki mbili kabla ya mtihani, kitambaa shingoni, sauti ikiwa imeshuka na kuwa nzito. Asingeweza tena kupiga kelele hadi dawati la mwisho. Siku ya kwanza, wakati wa mapumziko, alimwita Priska.

"Kwa nini hukuwahi kunisahihisha darasani?"

Msichana aliangalia chini. "Ulikuwa unakwenda mbio, mwalimu. Nikiyapanga maneno kwa Kiswahili, wewe umeshahama. Kaseti inarudi nyuma."

"Na mimi nitajifunza kurudi nyuma," Loisi alisema. Hakusema kwa uchungu. Alijisikia kama mtu aliyeonyeshwa njia fupi ya mahali alikokuwa akienda kila siku.

Matokeo yalipotoka, wanafunzi wanane walichaguliwa kwenda sekondari, wakati mwaka uliotangulia walikuwa watatu. Priska alikuwa miongoni mwao. Bartolomayo alitaka kuisifu redio mbele ya wazazi, lakini Loisi akamkatiza. "Wamesoma wenyewe. Ile iliwapa muda tu." Kamati ya shule ikakubali kwamba sehemu ya alizeti ya shamba la shule iwe ya betri.

Januari alisimama mbele ya darasa la saba jipya, wanafunzi sitini na mmoja. Redio ilikuwa ofisini. Siku ile hakuihitaji. Aliandika sentensi ubaoni, akawageukia, akauliza swali kwa ile sauti yake mpya ya chini, hata wa nyuma wakalazimika kuinama mbele wamsikie.

Hakuna aliyejibu. Zamani angejibu mwenyewe na kuendelea. Safari hii aliweka chaki chini, akakunja mikono na kusubiri. Madawati yalilia. Mtu mmoja alikohoa. Kisha mkono ukainuka karibu na dirisha, na mwingine nyuma yake, na Loisi akawaashiria waanze.