Kesho ya Sukari

Jambo lote lile lilinigharimu birika moja la chai, mwanangu, na neno moja. Chai nilishaisahau. Neno bado nalilipa.

Ni mwaka ule wa sabini na tisa, vita vikipanda kuja kwetu West Nile. Nilikuwa kijana mwenye duka dogo hapa Koboko, mbele yake malori yanapakia watu kwenda mpaka wa Sudan. Sukari ilikuwa imeadimika. Mteja akiuliza, tunamjibu, "Kesho iko." Maana yake hakuna, naye anajua hakuna, mnaachana kwa amani. Ndiyo adabu ya duka tupu.

Basi akashuka mama mmoja kutoka Arua. Mwanawe Juma, wa miaka saba hivi, alikuwa amempotea njiani kwenye msongamano. Akanishika mkono: "Atafika?"

Mdomo wangu wa biashara ukajibu wenyewe: "Kesho iko, mama."

Hakuwa mteja wangu, hakuijua adabu ile; aliamini. Akakaa chini kungoja kesho, akalikataa lori. Dada yake aliyesafiri naye akamvuta, akambembeleza, wapi! Na askari walisemekana wako karibu.

Jirani yangu Habuba, bibi wa Kinubi aliyesuka makawa ya kufunikia chakula, akaniita.

"Wewe, umeona mtoto?"

"Sijaona."

"Sasa kesho umetoa wapi? Ni ile ya sukari?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Leta chai. Na funga mdomo."

Akaketi naye bega kwa bega. Hakumuuliza aliyoyaona njiani. Alimshikia kikombe mpaka chai ikaisha, ndipo akasema, "Binti yangu, kama mtoto atafika mimi sijui. Lori iko, hiyo najua. Na mimi siendi, nimezeeka; nitamngoja hapa. Niambie jina yake na nguo yake."

"Juma. Shati ya kijani."

Habuba akarudia, mama akarudia. Kisha mama akapanda lori.

Juu ya lori akaniuliza, "Kijana, na kesho?"

"Sijui, mama. Lakini shati ya kijani nitaangalia."

Akaitikia kwa kichwa. Niliangalia. Sikumwona.

Mwanangu, aliyetoka vitani usimuuzie usichokuwa nacho. Mpe kilichopo: chai, mahali pa kukaa, mtu wa kumwachia jina. Akinyamaza, nyamaza naye, usimkamue habari. Mungu akupe masikio mapana na birika lisilokauka.

Na malipo yangu ya lile neno? Ukikutana popote na mtu mzima aitwaye Juma, aliyepotea njia ya Koboko akiwa na shati la kijani, niitie.