Mabruka na Mchanga wa Mapaani

Mara ya kwanza Mabruka binti Muslim alipokwenda kwa Soud bin Ghanim, mwaka wa sabini na sita, alikwenda kuuza kazi, na Soud hakununua.

Nyumba ilikuwa mpya, bado inanuka rangi. Soud alikuwa amefanya biashara Tabora miaka kumi na minane, kwanza asali na nta, kisha malori, na alipovuka bahari kuhamia Bidiya, mji wa ukingoni mwa jangwa, kila alichokuja nacho alikizika katika nyumba ile. Majirani walikuwa na mapaa bapa, ya udongo na magogo ya mtende, au ya saruji kwa waliojiweza. Yeye aliezeka bati, paa la mgongo, kama la duka lake la bara. Mbele akaweka njia pana ya gari na kuta mbili za kimo cha kifua, huku na huku, ili mgeni akiingia ajue anaingia kwa nani.

Mabruka alisimama nje ya kuta hizo na wanawake wake wanne. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu, kanga kaifunga kiunoni. Alizaliwa Wete, akafiwa na mume huko huko, akaja Bidiya mikono mitupu kwa shangazi yake. Alimkuta bibi wa watu analala chini ya paa lililoinama kwa mchanga, maana upepo wa kiangazi huuzoa jangwani na kuumwaga juu ya nyumba, na mvua moja ikiukuta umekaa pale, mchanga hunywa maji na paa hushuka na waliomo. Mabruka akapanda mwenyewe, akalisafisha. Jirani akaona, akamwita. Kutoka hapo hakukaa bure tena. Beleshi la chuma halikupanda juu ya paa mbele yake, kwa kuwa hukwaruza lipu; alitumia ubao mpana wenye kamba, mmoja anavuta, mmoja anasukuma, na vikapu vya majani ya mtende.

"Bwana Soud, nimekuja kwa ajili ya paa na njia," alisema. "Upepo umebakisha mwezi."

"Bi Mabruka, paa langu si sinia. Tazama mteremko ule. Mchanga ukianguka, unashuka wenyewe."

"Unashuka wapi?"

"Chini."

"Chini, baina ya kuta zako hizi. Hii si njia ya gari, bwana. Umeutandikia mchanga kitanda."

Wanawake wakacheka. Soud naye akacheka, maana mwenye duka hujifunza kucheka na wateja.

"Nyinyi Wapemba mnajua karafuu. Mambo ya bati tuachieni sisi watu wa bara."

"Haya. Sisi tupo," akasema Mabruka, akaondoka. Hakupunguza ujira, hakubembeleza. Soud aliliona hilo, likamkera kidogo. Muuzaji asiyepunguza ama mjinga, ama hana haraka, na yule hakuonekana mjinga.

Kiangazi kilipokuja, mchanga ulishuka kama alivyosema, ukajaa baina ya kuta mpaka Land Rover yake ikakwama mlangoni pake mwenyewe. Aliita vibarua wawili na mabeleshi, hakumwita Mabruka. Ila juu bati lilikuwa jeupe, linang'aa, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. Ikapita miaka mitatu hivyo.

Mwaka wa sabini na tisa idara ya afya ikatafuta nyumba ya kupanga iwe zahanati mpaka wajenge yao. Soud alipatana nao miezi miwili, neno kwa neno, mpaka akapata kodi aliyoitaka. Ilibaki mhandisi aje Jumamosi kukagua na kutia saini. Alikwisha kusema hataki nyumba isiyo na dari, kwa ajili ya joto la bati.

Jumanne asubuhi mkewe, Khole, alikuwa akifunga mizigo katika chumba kikubwa. Akamwita.

"Baba Yaarub, hebu njoo. Dari lako lina mimba."

Soud akatazama juu. Plaiwudi ilikuwa imetoa tumbo. Akaigusa kwa mpini wa ufagio, na katika maungio mchanga ukaanza kumiminika, mwembamba, kama unga kwenye chekeche. Miaka mitatu upepo ulikuwa ukiupenyeza chini ya kofia ya paa na katika mikunjo ya bati, unalala juu ya dari, naye yuko nje anawaonyesha watu bati safi.

Fundi aliyeitwa akamwambia: lipasue, limwagike, uweke jipya. Jipya lilikuwa Matrah, bandarini, na lori lingefika baada ya wiki. Basi Soud akaenda mwenyewe kumtafuta Mabruka. Alimkuta juu ya paa la watu, akasimama chini juani.

"Shikamoo, Bi Mabruka."

"Marahaba. Mteremko haujambo?"

Mabruka alikwenda naye, akalitazama dari kwa muda mrefu, akalibonyeza kidogo pembeni, akatoka. Soud akamtajia ujira maradufu.

"Sitaki ijara," akasema Mabruka. "Unaipangisha serikali, karatasi itaandikwa. Na mimi niandikwe humo. Kusafisha paa na njia, kazi ya Mabruka binti Muslim, na idara imlipe."

Hapo palimuuma Soud. Ile kazi ya idara alikwisha kuipigia hesabu yake: alitaka kununua trekta, achukue kazi ya kuzoa mchanga katika njia zote za majengo ya serikali.

"Tuandikiane mimi na wewe," akajaribu.

"Karatasi yako nikampe nani?"

"Mwaka mmoja, basi."

"Basi ngoja lori la Matrah." Akaanza kupanga vikapu vyake kimoja ndani ya kingine.

Soud alivitazama vile vikapu vikiingiana. "Haya. Utaandikwa."

"Na hizi kuta mbili zishuke."

"Kuta zinakuhusu nini?"

"Wagonjwa wataletwa hapa. Gari ikikwama baina ya kuta zako, litakalotajwa ni jina langu."

Walifanya kazi siku tatu, kuanzia baada ya sala ya alfajiri mpaka bati linaposhika moto. Walifungua mabati mawili kila ncha, wakalaza mbao juu ya kenchi, wakatambaa kifudifudi gizani na makopo ya samli. Mabruka mwenyewe alikuwa katikati. Alianzia kwenye tumbo la dari, kisha kulia kopo moja, kushoto kopo moja, kwa kuwa upande mmoja ukibaki mzito hung'oa misumari. Soud alikaa chini shingo kaiinua. Aliliona dari likipanda upana wa kidole, kisha kidole kingine. Hakuna ubao uliopasuka. Mwisho wanawake wakaziba kila upenyo kwa nyuzi za mtende zilizochovywa chokaa, na Mabruka akashuka, nyusi nyeupe kwa vumbi, akasema, "Sasa hilo ni paa."

Ijumaa jioni Soud alibomoa kuta zake kwa nyundo yake. Waliopita wakiuliza, aliwaambia anaipanua njia.

Jumamosi mhandisi akaligonga dari, akaridhika, akasoma mkataba, akasita.

"Huyu Mabruka ni kampuni?"

"Ni yule pale mlangoni," akasema Soud. "Na kama unataka paa lako likae, usimbadilishe." Akajisikia anasema kweli, akashangaa hakuona uchungu. Mabruka akaja, akatia dole gumba.

Zahanati ilikaa miaka minane. Shule ilipojengwa, makarani walinakili maneno yale yale, kwa kuwa karani hapendi kubuni karatasi mpya. Posta nayo vivyo hivyo. Soud alinunua trekta hata hivyo, akapata njia ya soko tu. Kodi ilimpatia maduka mawili Ibra, na nyumba alirudishiwa nzima, dari lile lile. Mabruka alipata mapaa yote ya serikali Bidiya, wanawake kumi na wanne wa kumfanyia kazi, pikapu yenye jina lake mlangoni, na goti la kulia lisilokunjika tena. Trekta Soud alimuuzia mtu wa Jalan, kwa hasara.