Ngome ya Mskochi na Babu Yangu wa Tano

Bibi yangu Unguja alikuwa na sahani ya buluu ukutani, haijapata kuliwa wali hata siku moja. Ukimuuliza ya nini, anakwambia ya kutazamwa. Mie skuli nlikaa miaka miwili tu, basi kutazama nlikujua. Siku moja paka akaiangusha. Bibi akaviokota vipande akavifunga kwenye kanga, na msumari akauacha palepale. Yule paka alikuwa mwizi vilevile, lakini humu hayumo.

Nimeitaja sahani kwa sababu Maskati, mwaka wa pili baada ya kukimbia Mapinduzi, nlipata upishi kwa mhandisi mmoja Mzungu, Mskochi, na yeye ukutani kwake alitundika ngome. Picha yake, nnakusudia. Kuta nene juu ya mwamba, chini ziwa jeusi, paa hamna. Pembeni karatasi ya nasaba, babu ishirini na wawili. Kiswahili alikijua, aliwahi kufanya kazi ya reli Tanga. Akinywa chai hunisomea: huyu ndiye aliyeijenga, huyu alikatwa kichwa na mfalme, huyu aliiba ng'ombe wa jirani zake, wakaja wakaitia moto, ndiyo maana paa hamna. Mie nnamenya vitunguu. Nikamuuliza nani anakaa humo sasa. Akasema kondoo.

Na mie wakati ule nlikuwa nnatafuta karatasi. Sisi tuliotoka Unguja wenye asili ya huku, lazima shekhe wa kabila atushuhudie kuwa ni wenziwe. Bila ya khati yake unapandishwa meli, ukatafute pa kupokelewa. Na kushuhudiwa ni kukaa mbele yake ukawataja babu zako. Mie nlikuwa nnao wanne. Baba alikufa hajanimalizia.

Nikamweleza Mskochi. Akacheka, akaweka kidole kwenye karatasi yake, babu wa tisa mpaka wa kumi na mbili.

"Hawa hatuwajui," akasema. "Ami yangu aliwatunga."

Basi na mie nikatunga watatu. Majina mazuri, ya kizamani. Nikayahifadhi huku nnakoroga mchuzi.

Asubuhi ya Alkhamisi nikaenda. Shekhe alikuwa mzee, ujana wake kaumaliza Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nikawataja wote saba, sikukwama. Waliokaa barazani wakamgeukia yeye.

"Wa nne ni kweli," akasema shekhe. "Ni ndugu wa babu yangu. Lakini baba yao si huyo uliyemtaja."

Nikasema labda nimesahau.

"Aliyesahau husita, mwanangu. Ungelisita hapo kwa wa nne, ningelikumalizia mie mpaka mwisho. Ndiyo kazi yangu. Wewe hukusita. Sasa hata hao wanne ntawashuhudia vipi?"

Hakukasirika. Alinambia niende, nirudi Alkhamisi ya pili, niseme ninachokijua tu, naye atasikiliza upya. Mwenye kahawa akanijazia. Watu hunambia lazima niliona haya. Sikuona haya, sikuona kitu. Kahawa ilikuwa moto, nikainywa.

Kisha nikakitikisa kikombe, ile ishara ya kuwa yatosha, nikavaa makubadhi yangu. Nikapita nyumba ya Mskochi. Mlango u wazi, vitunguu vimo kwenye sinia nlivyoviacha, na ngome iko ukutani. Sikuingia. Nikaenda zangu bandarini kuulizia meli. Alkhamisi ikafika, na kwa shekhe sikurudi tena.