Mnunuzi wa Nyanya

Mnunuzi wetu wa nyanya pale Ilula ana miaka miwili sokoni na hajawahi kununua hata sado moja. Kila asubuhi anakaa benchi lile lile la mama ntilie, miwani myeusi usoni hata ukungu ukiwa umefunika barabara kuu, gazeti la wiki iliyopita magotini. Nyanya anaibonyeza kwa kidole gumba kama anayegonga muhuri, kisha anauliza, "Na hapa watu wanasemaje?" Akina mama wanampita na matenga kichwani: "Shikamoo, afande!" "Marahaba," anaitikia upesi, halafu anakumbuka na kukohoa. "Mimi mfanyabiashara tu, mama."

Mabomba yalipokauka, Verediana muuza vitunguu alihamia karibu na benchi hilo, akalalamika miezi mitatu kwa sauti ya makusudi, maana watu wa ofisi ya maji hawasikii. Kalamu ya mnunuzi haikutoka mfukoni. Siku moja uvumilivu ukamwisha: "Kesho tunapanga ndoo katikati ya barabara, lisipite hata basi moja!" Hapo kalamu ikatoka. Mkono ulikimbia pembeni mwa gazeti mpaka akamwomba Verediana arudie. Verediana akarudia polepole, kama mwalimu wa imla.

Kulipokucha, kabla ndoo hata moja haijafika barabarani, askari walikuwa wameshapanga mstari, na nyuma yao gari la maji ya kuwasha, la kutawanyia watu, limejaa mpaka juu. Verediana alilitazama, kisha akamgeukia mnunuzi wetu.

"Kumbe maji yapo, afande."