Ushanga Chini ya Pikap

Harufu ya petroli hunikumbusha maziwa. Najua wengine wataona hilo ni jambo la ajabu, lakini nyinyi nitawaeleza, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona sina wazimu. Juzi nilikuwa Kericho, nimekaa garini huku kijana wa kituo akinijazia tangi. Upepo ukaingiza ile harufu dirishani, na papo hapo nikawa tena na miaka tisa, nimechuchumaa jikoni kwa Kogo, kibuyu mapajani.

Kogo ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba. Miaka ya sitini ilikuwa inaishia, nasi tulikaa mwendo wa nusu saa kutoka soko la Roret, kwenye shamba dogo la majani chai na ng'ombe wanne. Kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Unakiosha kibuyu kwa maji moto, unakisugua ndani kwa ufito uliochanwa ncha, kisha unasaga ndani yake makaa ya mti wa senetwet mpaka kinukie moshi. Kogo alivikagua kwa pua. Magoti yake yalikuwa yamevimba na mgongo umekataa kukunjika, hata kamba za viatu nilimfungia mimi kila asubuhi, lakini pua yake haikuwa na uzee. Akisikia harufu ya maziwa upande wa nje, alisema, "Kibuyu kinachonuka nje kimetoboka." Basi tulitafuta ufa, tukauziba kwa nta ya nyuki na kipande cha ngozi, halafu Kogo akakandamiza ushanga mmoja wa samawati juu ya nta. Hiyo ilikuwa alama ya nyumba yetu. Kibuyu chetu kikienda kwenye harusi ya watu, ushanga ulikirudisha nyumbani.

Baba alikuwa na pikap. Rangi yake ilikuwa kijani, pale ambapo bado ilikuwa na rangi. Aliitumia kupeleka maziwa na kabichi Kericho, na kila Jumamosi niliiosha kule mtoni. Jumamosi moja nilikuwa nimeingia chini yake nikikwangua matope mekundu, nikasikia harufu ya petroli. Nikaifuata kwa pua, jinsi nilivyofundishwa, nikakuta kijipira chembamba kama mrija kimechungulia karibu na gurudumu la nyuma. Kilikuwa wazi mdomo, kinanuka. Na baba kila siku alilalamika, "Hii gari inakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi." Mimi nikaona nimemshika mlevi mwenyewe.

Nilijua kazi yangu. Nilikimbia nyumbani nikachukua nta kwenye kopo la Kogo, nikailainisha kiganjani, nikakunja ngozi, nikaziba kile kijipira barabara. Juu nikabandika ushanga. Sikumwambia mtu. Nilitaka baba mwenyewe ashangae jinsi petroli inavyokaa siku hizi, aulize ni nani, ndipo nijitokeze.

Jumatatu baba alikwenda kujaza petroli kwa Arap Tonui. Pale sokoni pampu ilikuwa hiyo moja tu, ya kuzungusha kwa mkono, na Arap Tonui alikuwa rafiki wa baba wa kutoka utotoni. Walitoka jando siku moja. Kwetu, mtu mliyetoka naye jando ni zaidi ya ndugu. Ukimvunjia heshima umejivunjia wewe. Siku hiyo Arap Tonui alizungusha kidogo tu, petroli ikarudi juu kama chai iliyofoka, ikamlowesha baba suruali mpaka viatuni. Wakajaribu tena, ikarudi tena. Mtu wa tangi tupu akaondoka na robo tangi, na robo nyingine imemwagika chini.

Juma zima walihangaika. Waliegesha pikap ikielekea mlimani, kisha ikielekea bondeni. Waliitikisa watu wanne huku mmoja akimimina kwa jerikeni na faneli, kidogo kidogo, kama unayemnywesha ndama mgonjwa. Kazi ya dakika tano ikawa ya saa nzima, na maziwa yakaanza kufika Kericho yameharibika. Baba alikuwa mtu mpole, lakini suruali ikinuka petroli siku sita upole huisha. Siku ya soko, mbele ya watu, alimwambia Arap Tonui, "Hii pampu yako inapiga hewa. Unatuuzia upepo."

Arap Tonui hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Mbona gari ya padri inajaa?"

"Padri anaombewa," baba akasema, na watu wakacheka. Ni kicheko hicho kilichomuumiza Arap Tonui, nadhani. Neno la mtu wa jando lako linaaminika haraka. Siku chache baadaye magari machache yaliyokuwapo yalikuwa yanapita moja kwa moja kwenda kujaza Litein, na Arap Tonui akatia pampu kufuli. Kanisani baba aliacha kukaa naye, akahamia benchi la nyuma. Nami, haki sijui niseme nini, nilimwambia Chepkoech, binti yake tuliyekaa naye dawati moja, kwamba baba yake ni mwizi. Niliamini kabisa. Si tangi letu nilikuwa nimeliziba mwenyewe, halivuji? Kosa lingetoka wapi kama si kwenye pampu?

Baba naye akajaribu Litein. Petroli ikamrudia vilevile, suruali ile ile. Alirudi akinung'unika kwamba pampu zote ni za ukoo mmoja, lakini nilimwona usiku huo hakula. Jumamosi akanichukua, tukaenda kwa fundi Momanyi, Mkisii aliyekuwa na gereji nyuma ya soko la Kericho.

Momanyi hakugusa kitu kwanza. Alimimina petroli kidogo, akainamisha sikio kwenye mdomo wa tangi. Kisha akalala chini, akapapasa kwa vidole, na sauti yake ikatoka huko chini pole pole: "Mzee, petroli ikitaka kuingia, hewa iliyo ndani inatokea wapi? Hii gari mmeiziba pua." Baba akasema injini mbona inakwenda vizuri. Momanyi akamjibu kwamba kifuniko cha tangi kina tundu lake dogo, hilo linaitosha injini, lakini wakati wa kujaza kifuniko huwa mkononi mwa mtu. Akatoa msumari mfukoni, akachokoa. Alipotoka aliweka kitu kwenye kiganja cha baba.

Nta nyeusi, kipande cha ngozi, na ushanga wa samawati.

Baba aliutazama muda mrefu. Hakunitazama mimi. Aliutia mfukoni mwa shati, na Momanyi alipomimina tena, tangi likajaa bila tone kumwagika. Njia nzima hadi nyumbani nilijisogeza mlangoni, mbali naye. Niliogopa fimbo, lakini zaidi nilimwogopa Chepkoech.

Nyumbani baba aliuweka ushanga mezani mbele ya Kogo. Nilijificha nyuma ya mlango. Kogo aliunusa, akaurudisha mezani.

"Ni mimi," akasema. "Ilikuwa inanuka nje, nikaziba."

"Wewe, mama?"

"Kwani hapa kuna mwingine anayejua kuziba?"

Baba akasema, "Basi."

Jumapili alisimama kanisani, kofia mkononi, akasema pampu ya Arap Tonui haina kosa na haijawahi kuwa nalo, kosa ni la nyumba yake, mama yake mzee aliziba mpira wa gari akidhani ni kibuyu. Kanisa lilicheka, na Arap Tonui alikuwa wa kwanza. Kufuli likatoka. Mimi sikuachwa bure. Jioni hiyo Kogo alinipa kibuyu kizuri kuliko vyote nipeleke kwa Arap Tonui, na kwa kuwa tusi langu la shuleni lilikuwa limemfikia, akaniambia, "Mpe Chepkoech kwa mkono wako. Na mdomo wako pia uende nao." Nilimwomba Chepkoech msamaha nikilia, naye akanisamehe baada ya kunifanya nirudie mara mbili.

Kesho yake asubuhi Arap Tonui alipita kurudisha kibuyu. Alimkuta Kogo amekaa kwenye kiti chake, nami nimepiga magoti, namfungia kamba za viatu. Alisimama mlangoni. Aliangalia vile viatu, akaniangalia mimi, akamwangalia Kogo. Halafu akaomba mursik, akanywa, akaenda zake.

Mimi niliona mgeni anakunywa maziwa, basi. Nilikuwa mtu mzima, Kogo ameshazikwa, siku moja nikiinama kufunga viatu vyangu mwenyewe, ndipo nilipoelewa alichokiona. Yule mwanamke asiyeweza kufikia viatu vyake alisema aliingia chini ya pikap, na hakuna mtu hata mmoja Roret nzima aliyemuuliza aliinama vipi.