Mwalimu wa Kwenye Sidii Hangoji

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, Palma nzima, huku kaskazini mwa Msumbiji, ilishikwa na ugonjwa wa Kiingereza. Magari meupe yalipita yamejaa watu wa kofia ngumu, nyumba zilipangishwa kwa wageni mpaka mabanda ya kuku yakapigwa rangi, na kila aliyetaka kazi aliambiwa jambo hilo hilo: Kireno chako kizuri, Kiswahili chako kizuri, lakini mkubwa wa kule anasema Kiingereza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina kazi yangu, kwa hiyo ugonjwa ule ulinipita. Ulimkamata dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki, dada aliacha shule kijijini kwetu Mute, akashika jembe na kikaango, mimi nikasoma. Mumewe alipomwacha alikuja kukaa kwangu, na hapakupita siku bila kusema kwamba hataki kula jasho la mdogo wake. Ndipo tukasikia kwamba kambi ya wafanyakazi inatafuta wapishi wanawake. Kupika hakukuwa na shaka, mji mzima unamjua kwa pilau na kwa pweza wa nazi. Tatizo lilikuwa usaili. Msimamizi wa jiko alikuwa mgeni, naye angeuliza kwa Kiingereza, maswali madogo tu ya jina, kazi na usafi wa mikono. Asiyejibu angerudi nyumbani.

Jirani yetu alikuwa ofisa wa utawala wa wilaya, mtu wa jimbo la Zambézia, tukimwita Chefe, yaani mkubwa, kama alivyoitwa na kila mtu. Alikuwa na sidii za kujifunzia Kiingereza alizozinunua Nampula, zimo ndani ya kasha pamoja na kitabu. Aliniazima kwa moyo mweupe, ila akaniomba nisikae nazo sana, maana alikuwa amepata uhamisho. Dada hakuwa na mashine ya kuchezea sidii, alikuwa na simu. Nikamwambia asijali, nitayatoa masomo kwa kompyuta yangu na kuyaingiza kwenye simu yake kabla wali haujaiva.

Nilijigamba kwa sababu kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mara nyingi, kwa nyimbo za harusi za watu. Nilichosahau ni kwamba kompyuta ilikuwa imetoka karibuni kwa fundi wa Mocímboa da Praia, aliyeiwekea mfumo mpya baada ya kuniambia ule wa zamani umechoka. Mfumo mpya ulikuwa mzuri wa kutazama.

Nikatia sidii. Ikazunguka, ikanguruma. Programu yangu ikaandika kwa Kireno kwamba hakuna sidii ndani. Nikaitoa, nikaifuta kwa upindo wa kanga, nikairudisha. Hakuna sidii. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha kama kuambiwa na mashine kwamba kitu nilichokiweka kwa mkono wangu hakipo.

Nikaamua kuizunguka. Nikaifungua sidii kama unavyofungua folda yoyote, nikaona vijifaili vimejipanga, somo la kwanza, la pili, la tatu. Nikavinakili kwenye simu. Vilihamia kufumba na kufumbua, nami nikamwita dada aje aone. Simu ikakataa kufungua hata kimoja. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba vile havikuwa masomo, vilikuwa alama tu za kuonyesha somo linaanzia wapi. Nilikuwa nimebeba vibao vya mlangoni na kuiacha nyumba.

Nikasafisha jicho la mashine kwa pamba. Nikatia sidii ya taarabu; programu ikasema hiyo nayo haipo, lakini kichezaji cha kompyuta kikaipiga bila taabu. Hapo nikajua mashine ni nzima, mgonjwa ni programu. Nikaiondoa, nikaiweka upya, ikawa vile vile. Nikampigia fundi. Akaniuliza kwa upole kama nimeifungua kwa ruhusa ya msimamizi. Mfumo huu mpya, alinieleza, hauachi programu za zamani ziguse vifaa vya ndani bila ruhusa, na isiyo na ruhusa haiambiwi kwamba imekatazwa, inaambiwa kitu hakipo. Nikamwambia aliyeutunga lazima alipata kufanya kazi kwenye ofisi ya serikali. Fundi akacheka. Nikafuata alivyonielekeza, nikaifungua programu kama administrador, yaani huyo msimamizi, nikaiambia ijifanye bado iko kwenye mfumo wa zamani, na masomo yote yakajitokeza. Nikayatia kwenye simu ya dada na kujiona bingwa.

Dada akaanza kusoma jikoni. Simu aliiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, yeye akikuna nazi. Mwanamke wa kwenye sidii anauliza: unaitwa nani? Kabla dada hajafungua mdomo, anauliza: unatoka wapi? Na hilo halijamezwa: unafanya kazi gani?

"Huyu mwalimu anakimbizwa na nani?" dada aliniuliza.

Nikamwambia wazungu ndivyo wasemavyo, na msimamizi wa jiko naye hatakuwa na muda wa kumbembeleza mtu, kwa hiyo ajifunze kuwahi. Basi tukafanya mazoezi ya kuwahi. Mimi nilisimama mlangoni nikimpigia makofi kila alipochelewa. Sasa, dada yangu si mtu wa kurukia maneno. Ukimuuliza kitu hulizungusha swali kichwani kwanza, kisha jibu hutoka zima. Kwa makofi yangu alianza kubahatisha. Aliulizwa jina akajibu kazi, aliulizwa kazi akataja Mute, na hata maneno aliyoyajua vizuri aliyameza nusu. Kadiri alivyokosea ndivyo nilivyopandisha sauti, mpaka siku moja alizima simu na kufuta mikono yake.

"Mdogo wangu, kichwa changu kimeshakuwa kigumu," alisema taratibu. "Mrudishie mwenyewe sidii zake, mwambie ahsante. Siendi huko."

Hasira zote ziliniisha, nikabaki na huzuni. Nilimwona miaka ya mbele akiwa bado kwenye nyumba yangu, akiomba hata chumvi kwa haya, yeye aliyenilisha mimi.

Nikabeba kasha kwenda kwa Chefe. Nyumba ilikuwa imehamia kwenye maboksi, lori linapakiwa uani, na safari ilikuwa baada ya alasiri. Redio yake ya kuchezea sidii tu ndiyo iliyokuwa bado kwenye umeme. Akasema ngoja atazame kama sidii hazikukwaruzika, akatia ya kwanza. Mwanamke yule yule akauliza: unaitwa nani? Kisha kimya. Nikangoja, kimya bado. Nilijua nimeharibu mali ya watu, nikaanza kuomba radhi.

"Não, professora," Chefe alisema akicheka. "Aqui é para a pessoa responder."

Yaani hapo pameachwa ili mtu ajibu. Na kweli, baada ya kitambo mwanamke akauliza la pili, akanyamaza tena, kwa adabu zake zote.

Nilimwomba sidii mpaka lori lijae, nikakimbia nazo nyumbani. Nikafungua mipangilio ya programu na kuisoma sanduku kwa sanduku, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema. Nilipoiweka upya ilikuwa imesahau yote niliyoizoeza zamani, na palikuwa na tiki kwenye kisanduku kinachosema iondoe sehemu zisizo na sauti, ili faili liwe dogo. Kwa nyimbo za harusi hilo halimdhuru mtu. Hapa lilikuwa limekata kila nafasi ambayo dada yangu aliwekewa ya kusema. Nikaitoa tiki, nikayatoa masomo upya moja baada ya moja, na kasha nilimfikishia Chefe wakati wanafunga kamba za turubai.

Dada sikumchosha na habari za tiki. Nilimwomba asikilize mara moja tu, ya mwisho, nikaiweka simu kwenye sufuria. Mwanamke akauliza jina, akanyamaza. Dada akaitazama simu, akanitazama mimi, akairudia simu. Kisha akajibu, jina lake na la baba yetu, sauti tulivu, hakuna neno lililomezwa. Swali la pili likaja, naye akajibu. Alivuta kigoda akakaa.

"Leo ana adabu huyu," alisema.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta pamoja na ndugu wa wengine. Wenzake waliingia na kutoka haraka haraka. Yeye alikaa ndani muda mrefu kuliko wote, nikajiambia basi, ameshikwa na bumbuwazi. Alipotoka nikamvamia hapo hapo: wamekuuliza nini, umesemaje, mikono umeikumbuka, wamekujibu nini? Akaninyanyulia kiganja.

"Yule mzungu aliniuliza, halafu akanyamaza," alisema. "Akaniangalia tu, mpaka nikamaliza. Mimi sijapata kungojewa hivyo na mtu. Hata na wewe."

Maneno yalinichoma kwa sababu aliyasema bila kinyongo. Tukashika njia ya nyumbani. Nilitaka sana kujua, lakini sikumuuliza kitu, tukaupita msikiti, tukalipita soko, yeye akitembea na mawazo yake.

"Naanza Jumatatu," alisema hatimaye. "Na ni kazi ya kulala huko huko, mdogo wangu. Itabidi ujifunze kupika."

Nilicheka. Kisha kilio kikanijia pale pale njiani, mbele za watu, na dada akasimama pembeni yangu akangoja mpaka nikamaliza.